Mstari wa Umuhati Kalengera

Kwa wiki tatu mlango wa jikoni kwetu Majengo, mjini Goma, haukufungika, kwa sababu nilikuwa nimeugeuza kuwa mahali pa kunyongea mizizi. Nilifunga mzizi mmoja kwa waya kwenye boriti ya juu ya mlango, chini yake nikaning'iniza bidoni ya manjano iliyo tupu, lile dumu la kubebea maji, kisha nikamimina maji ndani yake kikombe baada ya kikombe mpaka mzizi ukakatika. Idadi ya vikombe niliiandika katika daftari. Bidoni ilianguka kwa kishindo, maji yakakimbilia kwenye mawe meusi ya uani, na mke wangu akatoka na ufagio.

“Papa,” aliniambia siku ya tatu, kwa ile sauti ya upole ambayo watu huwatunzia wagonjwa, “hapa maji tunabeba toka ku ziwa. Na weye unaimwanga juu ya kupima majani?”

Nilimjibu kwamba hiyo ni sayansi. Ni jibu ambalo halijawahi kunisaidia katika ndoa.

Lakini sikuwa ninacheza. Dada yangu mkubwa, mjane, alikuwa na nyumba na shamba Kalengera, kando ya barabara kuu ya kwenda Rutshuru, na korongo lilikuwa linakuja kuvila. Waliotengeneza barabara ile zamani walilaza bomba la saruji chini yake, wakauelekeza mdomo wa bomba kwenye mteremko wa watu, wakaenda zao. Kila mvua, maji yote ya barabara yalitoka hapo kwa hasira na kuchimba. Miaka ambayo watu walikaa Kalengera walilidhibiti korongo kwa majembe, wakifukua mifereji ya kugeuza maji. Kisha ikaja miaka ya kukimbia vita. Dada yangu alikuja kwetu Majengo na godoro moja, akakaa karibu miaka miwili katika chumba tulichokuwa tukiweka makala, yaani mkaa. Aliporudi kwake, alikuta korongo limefika hatua thelathini kutoka jikoni.

Alinipigia simu. Hakulia, si mtu wa kulia.

“Mudogo wangu,” alisema, “weye ulisoma majani. Fanya kitu. Mimi sitarudia kulala juu ya jiwe.”

Jiwe ni Majengo. Sisi wa Goma tumejenga juu ya lava iliyoganda, na mtu aliyezoea udongo mweusi wa Rutshuru, unaochomeka kidole mpaka kwenye kiungo, hulala hapa kama mtu aliyelazwa kwenye meza. Miaka miwili ile alikuwa akichota udongo kwenye gunia na kuotesha vitunguu mlangoni. Vilitoka vyembamba kama nywele. Akavila hivyohivyo.

Basi nikaahidi. Nina umri wa kuwa na tumbo na miwani, nafundisha botania kwa wanafunzi ambao wengi wao wangependa kusomea kitu kingine, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu wa damu yangu alikuwa ameniomba kile hasa nilichosomea. Nilijiona mkubwa.

Katika fani yangu kuna namna ya kufikiri ambayo bado naipenda, hata baada ya yote. Huanzi na jina la mmea. Unauliza unafanya kazi gani. Jani lake ni nene au jembamba? Mti wake ni mzito? Mzizi unashuka moja kwa moja au unatambaa na kushikana kama vidole? Ukiuvunja tawi na kulichomeka ardhini, litaota au litakufa? Mambo hayo yanapimika, na ukiyapima vizuri unaweza kutabiri mmea utafanya nini mahali penye shida. Kisha unachagua kikosi. Huyu ashike udongo wa juu, yule ashuke chini, mwingine apunguze mwendo wa maji. Badala ya ukuta wa saruji ambao hakuna atakayeuleta, unajenga ukuta ulio hai, kutokana na mimea inayoota palepale.

Nilichora jedwali. Mimea kumi na mmoja upande mmoja, sifa zake juu. Matete yalishika udongo vizuri lakini mbuzi walikuwa wakiyamaliza kabla hayajawa na mizizi ya maana. Kalitusi, ambayo kila mtu Kalengera alinishauri, hunywa maji mengi, haiachi kitu kiote chini yake, na hukatwa kwa ajili ya makala ikiwa bado nyembamba kama mkono. Mshindi, kwa mbali, alikuwa umuhati.

Kila mtu wa kwetu anaujua umuhati. Ni shina moja lililonyooka lenye majani marefu kichwani, kama ufagio uliosimamishwa. Ukikata kipande na kukisahau chini, kinaota. Mbuzi hawaugusi. Moto haushiki vizuri kwenye mti wake. Mizizi yake ina rangi ya machungwa, myembamba na mingi, na kwenye mlango wangu wa jikoni mmoja ulibeba bidoni nzima na kikombe kimoja cha ziada ambacho hakikuwa na pa kuingia. Nilimwita mke wangu aje kuona. Alikuja, akaona, akaniuliza kama sasa anaweza kufunga mlango.

Katika jedwali langu kulikuwa na safu iliyoandikwa: watu hukata? Kwa matete niliandika ndiyo, kwa kalitusi ndiyo sana. Kwa umuhati niliandika hapana. Nilipiga mstari chini ya hiyo hapana mara mbili. Ilikuwa sifa nzuri kupita zote, mmea ambao watu hawaukati. Sikujiuliza kwa nini hawaukati. Nilikuwa nimeandika tabia ya watu nikidhani ni tabia ya mmea.

Nilipanda gari kwenda Kalengera wiki ya mwisho kabla ya mvua, nikiwa na daftari, mita ya kamba, na viatu ambavyo dada yangu alivicheka. Kwanza nilikwenda kumwona mdogo wa marehemu mume wake, shemeji yetu, ambaye shamba lake limepakana na la dada yangu. Korongo lilikuwa linakuja kwake pia, na maji hayajui shamba la nani. Mpango wangu ulikuwa mstari mmoja kukata mteremko, kuanzia mdomo wa bomba, kupita kwa dada yangu na kuingia kwa shemeji. Nilimfungulia daftari. Aliliangalia jinsi watu wanavyoangalia picha ya mtoto wa mwenzao.

“Ni mustari ya kushika maji?” aliuliza.

“Ndiyo, shemeki. Ya mimea.”

“Majani tu?”

“Mimea tu.”

“Basi mupande,” alisema. Alikuwa na haraka, alikuwa anapeleka maharagwe sokoni Rutshuru na angelala huko siku mbili.

Hatukutaja mmea gani. Yeye aliwaza matete. Mimi niliwaza vikombe.

Siku ya kupanda nilikata vipande arobaini na kimoja vya umuhati kutoka kichaka cha zamani nyuma ya nyumba. Dada yangu alikuja na jembe, akasimama kuviangalia vikiwa vimelala kwenye gunia.

“Ni hii?” aliuliza.

“Ni hii.”

“Hii, mudogo wangu? Hii yenyewe?”

Nilimweleza. Nilimweleza kwa furaha, nikiwa nimepiga magoti kwenye udongo, nikimwonyesha rangi ya mizizi, nikimsimulia habari za bidoni, vikombe, mlango wa jikoni. Nilimwambia matete yalikatika kwa vikombe vitano. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alitazama upande wa shamba la shemeji, akanitazama mimi, halafu akatema mate kwenye viganja vyake akashika jembe. Mimi ndiye niliyesoma. Wazazi wetu waliuza ng'ombe ili nisome na yeye akaishia darasa la nne, na sijawahi kumsikia akilisema jambo hilo mbele yangu.

Tulipanda kutwa nzima. Kila shina nililipa nambari. Niliandika umbali wake kutoka mdomo wa bomba, kina cha udongo mweusi, na mwelekeo wa mteremko. Moja hadi ishirini na tatu kwa dada yangu, ishirini na nne hadi arobaini na moja kwa shemeji. Katikati ya mashina tulichomeka vishungi vya matete. Jioni nilisimama barabarani kuangalia, na mstari ule ulionekana safi kama ulichorwa kwa rula. Niliona fahari. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Shemeji alirudi kesho yake giza likianza kuingia. Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, na baada ya ibada nilimkuta amesimama uani kwa dada yangu, bado ana koti la kanisani. Nyuma yake walisimama majirani, nao katika nguo za Jumapili.

“Shemeki,” aliniambia, “umelala muzuri?”

“Nimelala muzuri.”

“Mimi sijalala. Nimefika kwangu, nimekuta shamba yangu imekatwa mbili.”

“Hakuna aliyekata. Ni mimea ya kushika udongo.”

“Umuhati?”

“Mizizi yake ina nguvu kuliko…”

“Mizizi iko chini, shemeki. Mimi naangalia ya juu. Kila mutu anayepita ku barabara anaona umuhati imetoka kwa mujane, imeingia mpaka katikati ya maharagwe yangu. Atasema nini?”

“Atasema mujane ameoa!” alisema mama mmoja mzee kutoka nyuma, na watu wakacheka, hata shemeji akataka kucheka, kisha akajizuia. Kicheko kile ndicho kilichonitisha. Kilikuwa cha watu waliokwisha kuelewa jambo ambalo mimi nilikuwa bado nalieleza.

Umuhati ndio mpaka. Kwetu hauwekwi mpaka kwa waya wala kwa karatasi. Unapanda umuhati, jirani anauona, akinyamaza amekubali, na kuanzia hapo hakuna anayeukata kwa sababu kuukata ni kumwingilia mtu. Nilijua hivyo tangu sijaota meno ya pili. Ningeweza kumweleza mgeni yeyote. Ila nilipokuwa nachora jedwali, hakukuwa na safu ya kitu hicho, na kisichokuwa na safu nilikiacha nje kama viatu vyenye matope.

Na nilikuwa nimefanya hivyo mwaka ambao watu walikuwa wametoka kukimbia. Kila familia ilirudi ikakuta mtu mwingine amelima mahali, au mpaka umesogea, au wale waliokuwa wanajua mpaka wamekufa. Kapita, yaani mkubwa wa kijiji, mzee mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua, alikuwa anatembea shamba hadi shamba kuamua. Walimwita. Aliufuata mstari wangu mwanzo hadi mwisho bila haraka, akarudi.

“Dokta,” aliniambia, “baba yenu alizikwa wapi?”

“Hapa juu, mzee. Nyuma ya kanisa.”

“Ku kaburi yake kuko nini?”

“Umuhati ine. Mmoja kila pembe.”

“Nani alipanda?”

“Ni mimi.”

“Basi,” alisema.

Nilijaribu kufungua daftari. Aliweka kiganja chake juu ya jalada, bila ukali.

“Hiyo ni muzuri, najua. Lakini tangu watu warudi, kila siku napima mipaka. Napima ya bazima, napima ya bafu, wale walikufa. Sina nguvu ya kupima mupaka ya mutu wa diplome.” Kisha akasema kwa sauti ya wote: “Yote ing'olewe mbele ya jua kuzama. Huku na huku. Na matete pia, nisione mustari hapa.”

Shemeji aling'oa kwake, dada yangu akang'oa kwake. Mimi nilibeba. Baada ya siku mbili tu baadhi ya vipande vilikuwa vimevimba chini, vinakaribia kutoa mizizi. Sikumwonyesha mtu.

Jioni nilimuuliza dada yangu, “Yaya, juu ya nini hukuniambia?”

Alikuwa anaosha miguu kwenye beseni. “Nilikuuliza mara mbili,” alisema. “Ukaniambia vikombe.”

Mvua ilianza nikiwa nimesharudi Majengo. Jambo ambalo sikulifikiria pale, kwa aibu, ni kwamba mashina yaling'olewa lakini mashimo yalibaki. Arobaini na moja, yamelegezwa vizuri kwa jembe, yamepangwa kukata mteremko mzima, tena kwenye kina nilichokichagua mwenyewe. Maji yalitoka kwenye bomba, yakakuta mahali laini, yakaingia. Kama mtu angeniomba nichore pa kukatia ule mteremko ili ushuke kwa urahisi, nisingepata mstari bora.

Dada yangu alipiga simu mara tatu. Mara ya kwanza alisema jiko limekwenda. Mara ya pili alisema ukuta wa chumba umepasuka, anaweza kupitisha mkono. Mara ya tatu aliuliza kama kile chumba cha makala kina nafasi. Nilisema kina nafasi. Nilimsikia shemeji nyuma yake akipiga kelele watu washike bati kwa pamoja lisipinde. Ndiye aliyepanda juu ya paa kumfungulia mabati, na nusu ya maharagwe yake mwenyewe ilikuwa imeshaingia korongoni.

Dada yangu alifika na mabati kumi na manne, godoro, na sufuria mbili. Hatukuzungumza juu ya umuhati. Mke wangu alimpokea vizuri, akasafisha chumba, akanitazama mara moja tu. Majirani wa Majengo walikuja kumwambia pole na kumwambia kwamba angalau hapa hakuna udongo wa kuporomoka. Ni kweli. Hapa hakuna udongo.

Alikaa siku nyingi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mikono mapajani. Ni mwanamke ambaye sikuwahi kumwona na mikono mapajani. Mimi nilipita mbele yake kwenda kufundisha, nikarudi, nikapita tena. Darasani nilikuwa nimefika kwenye somo la sifa za mimea na kazi zake, na nililifundisha kama lilivyo, kwa sababu si la uongo. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama kuna mfano wa hapa kwetu. Nilisema tutauona muhula ujao.

Asubuhi moja, ilikuwa Jumamosi, dada yangu aliniita.

“Ile daftari yako bado iko?”

“Iko.”

“Ilete.”

Alieleza akiwa ameangalia uani. Korongo lilikuwa limemeza mpaka wa zamani, ule umuhati ambao mume wake aliupanda walipooana, mstari wote. Kapita alikuwa amemwambia hivi: siku moja maji yatageuzwa, ardhi itatulia, watu wataulizana nani alikuwa wapi. Wakati huo yeye mwenyewe huenda hayupo. Mwenye kitu kilichoandikwa akitunze.

“Mimi sina karatasi,” alisema. “Ila weye ulipima.”

Nililifungua. Mara ya kwanza tangu Kalengera. Kurasa zilikuwa na alama za vidole vya udongo mweusi. Nilichukua karatasi safi ya kunakili, nikaanza kusoma kwa sauti, nikiruka mizizi na majani.

“Shina la kwanza. Mita mbili kutoka mdomo wa bomba.”

“Hapo ni pa kuanika mahindi,” alisema. “Andika.”

Niliandika.

“La tisa. Udongo mweusi, kina sentimita sabini.”

“Ni nyuma ya jikoni. Majivu yote nilimwanga pale.”

“La kumi na nne.”

“Hapo maharagwe ilikuwa inatoka mbele ya zingine. Hata jua ikiwa kali.” Alikuwa amefumba macho. Mikono ilikuwa imetoka mapajani, ilikuwa inapita hewani kutoka shina hadi shina, polepole, na mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ufagio bila kufagia. “La kumi na tano liko karibu na mawe. Uliniambia nichimbe zaidi. Nilichimba.”

“Ulichimba,” nilisema.

Tuliendelea hivyo. Karibu kila nambari ilikuwa na kitu chake, na vyote nilivinakili pembeni ya vipimo, mpaka karatasi ikawa na mambo ambayo hakuna mwalimu wangu ambaye angeyakubali. Nilifika ishirini na tatu, nikageuza ukurasa.

“La ishirini na nne. Mita arobaini na…”

“Hapana,” alisema, na akafumbua macho. “Hilo usiandike. Hilo ni kwa shemeki.”

Niliweka kalamu chini. Alichukua karatasi, akaipuliza wino ukauke, ingawa wino ulikuwa umeshakauka, akaikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake ya uchaguzi. Kisha akarudi kwenye kiti chake mlangoni.